Ukija Moshi kunywa mbege, uliza siku kwanza

Shemeji yangu wa Dar, mume wa dada yangu, alinipigia simu Novemba moja. Alikuwa ametoka safari ya kikazi Cape Town, huko wakampeleka kwenye kiwanda kidogo cha bia, akaonjeshwa aina sita kwenye vigilasi, akarudi mtaalamu. "Shemeji," ananiuliza, "huko kwenu mlimani hakuna baa wanazopika bia yao wenyewe? Siyo hizi za kiwandani." Nikamwambia zipo, njoo. Zimejaa kuanzia Machame mpaka Rombo. Ila hazina bango, hazina menyu, na nyingi hazifunguliwi kila siku.

Nilikuwa namwambia habari za mbege, pombe yetu Wachagga ya ndizi na ulezi. Mimi nimesomeshwa na mbege. Mama aliipika kwetu Uru, huko mlimani, mpaka magoti yalipomkatalia, sasa anapika dada yake, yaani mama mkubwa. Mwenyewe nauza vipuri vya pikipiki mjini, si mbali na soko la Mbuyuni, lakini mgeni wa ukoo akishuka stendi hukabidhiwa kwangu kama mzigo. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia wote tukiwa tunapanda kwenye Hiace, na wengi huwa hawasikilizi mpaka wakiharibu.

Bia za chupa kwanza, tuzimalize haraka. Moshi na Arusha hazina shida ya bia. Kampuni ya bia ya Serengeti wana kiwanda chao hapa hapa Moshi, Tanzania Breweries (TBL) wana chao Arusha, na mlima wenyewe umechorwa kwenye lebo ya Kilimanjaro. Ukikaa baa yoyote, iwe Majengo au Soweto, swali la kwanza la mhudumu ni "ya moto au ya baridi?" Usimcheke. Ya moto maana yake ni ile ambayo haijaingia kwenye friji, na utaona wazee wa heshima kabisa wakiiagiza, hasa Juni na Julai, mlima unapotuma baridi yake mjini. Ukitaka baridi sema baridi. Muhimu zaidi ni jiko la kitimoto: chagua baa kwa harufu ya jiko, maana bia ni zile zile kila mahali. Basi. Kwa hizo huhitaji mimi.

Kwa mbege unahitaji kujua neno moja, nalo ni lini.

Watu wa mjini huniuliza "mbege nzuri iko wapi?" Swali hilo halina jibu. Nyumba iliyokuwa na mbege tamu Jumamosi, Jumatatu ina siki. Mbege haikai. Inapochanganywa jioni, kesho yake ndiyo siku yake. Keshokutwa imekuwa kali, wapo wanaoitaka hivyo. Siku inayofuata imechacha, na anayeinywa anajua anachokitafuta. Kwa hiyo usiulize jina la baa. Uliza: "Nani kachanganya jana?" Muulize dereva wa bodaboda aliyepaki kwenye kona, muulize mama anayeuza ndizi, muulize fundi baiskeli. Habari hizo kijijini zinajulikana kama za msiba. Utapelekwa.

Ili uelewe kwa nini siku ni kila kitu, lazima ujue inavyopikwa. Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimekulia kwenye moshi huo.

Mbege ni vitu vitatu: ndizi mbivu, ulezi na msesewe. Ndizi zinaivishwa mpaka ganda lianze kuwa na madoa meusi, zinamenywa, zinachemshwa kwenye pipa au sufuria kubwa kwa saa nyingi, mpaka rangi igeuke ya kahawia yenye wekundu. Kisha zinaachwa zichachuke zenyewe siku tano, sita, hata wiki. Sisi tunachopata hapo tunakiita nyalu. Ukipita karibu na nyumba yenye nyalu inayochachuka pua itakuambia, na nyuki watakuambia zaidi.

Ulezi una safari yake. Unalowekwa, unamwagwa kwenye gunia, unafunikwa na majani ya migomba mahali pa giza hadi uote vijimizizi vyeupe. Hicho ndicho kimea. Unaanikwa juani, unasagwa. Nilipokuwa darasa la tano kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku kwenye ulezi ulioanikwa, na nikuambie, kuku wa Uru ni wezi wenye mpango: mmoja anakuvuta upande huu, wanne wanaingia upande ule.

Msesewe ni gamba la mti. Linabanduliwa, linakaushwa, linatwangwa, nalo ndilo linaloleta ule uchungu wa mwishoni, kama vile watengeneza bia wa Ulaya wanavyotumia hopsi. Likizidi, pombe haifai. Likipungua, unakunywa uji mtamu. Hakuna kipimo kilichoandikwa. Kila mpikaji ana kiganja chake. Wataalamu wa mimea wanauita mti huo Rauvolfia caffra, na ndugu yake wa India, Rauvolfia serpentina, ndiye aliyetoa dawa ya presha iitwayo reserpine. Kwa hiyo wewe unayemeza vidonge vya presha usije ukanywa kata tano, yaani vibuyu vitano vya kunywea, kwa sababu umeambiwa ni kitu cha asili. Muulize daktari wako kabla, na hata akikuruhusu, kunywa kama mgeni.

Sasa jioni ya kuchanganya. Unga wa kimea umepikwa uji mwepesi, msesewe umeingia humo, sufuria imeepuliwa. Hapa ndipo mama mkubwa hageuki kusalimia mtu. Anakunja mkono wa kitenge, anaegemeza upande wa ndani wa mkono kwenye tumbo la sufuria, kama mtu anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Anasubiri. Anarudia. Uji ukiwa wa moto ukamwagwa kwenye nyalu, unaua chachu, na pipa zima litalala kama maji ya kuoshea vyombo. Ukiwa umepoa kabisa, sawa. Mara ya mwisho nilipokuwepo alipima mara nne, mara ya tatu mimi niliona umeshapoa, nikasema, "Mama mkubwa, tayari." Akanitazama. "Wewe uza plagi zako." Alipomwaga, alimwaga polepole, mtoto akikoroga kwa mwiko mrefu, halafu akafunika na majani ya mgomba. Tukala. Saa tatu za usiku aliniita nisogeze sikio: pipa lilikuwa linachemka bila moto, vipovu vidogo vidogo vikipasuka kama mvua nyepesi juu ya migomba. "Kesho saa nne asubuhi," akasema. Na saa nne asubuhi watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi.

Hiyo ndiyo baa ninayokushauri utafute.

Kwenda wapi, sasa. Kama una nusu siku tu, panda Uru. Magari yanatoka mjini, yanapita Rau, na ndani ya muda mfupi uko kwenye migomba na kahawa. Wengi hupanda huko kwa ajili ya maporomoko ya Materuni, kwa hiyo unaweza kuunganisha: maji asubuhi, mbege mchana. Usifanye kinyume. Njia ya maporomoko ina utelezi, na nimeshamwokota kijana wa watu kwenye tope akiwa bado ameshika kopo lake, halijamwagika.

Ukiwa na siku nzima nenda Marangu. Unashika gari la Himo, kule linakata kushoto kupanda, unashuka Marangu Mtoni. Marangu wamezoea wageni kwa sababu ya lango la kupandia mlima, na hapo pana faida na hasara. Faida ni kwamba kuna watu watakaokuonyesha hatua zote za upishi, utashika ulezi, utapiga picha. Hasara ni kwamba mbege ya maonyesho mara nyingine ni ya maonyesho kweli: imewekwa kwenye kibuyu kizuri, imekaa siku mbili. Uliza siku. Hata kama umelipia, uliza siku. Mimi nikiwa Marangu namalizana na maonyesho, halafu namfuata dereva wa bodaboda anipeleke anakokunywa baba yake.

Kibosho, Machame, Old Moshi, Kirua, Mamba, Rombo, kote ipo, na kila mahali watakuambia ya kwao ndiyo mbege na za wengine ni togwa. Siingii kwenye ugomvi huo. Nitasema tu kwamba za Rombo nilizokunywa zilikuwa na ulezi mzito kuliko za kwetu, na nilishiba kabla sijachangamka.

Mjini pia kuna vilabu vya mbege, hasa pembezoni, na vingine vinaletewa kutoka mlimani kwa madumu alfajiri. Kama huwezi kupanda, nenda huko, ila nenda kabla ya saa saba mchana. Jua la Moshi mjini si la Uru. Linaichachua mbele ya macho yako.

Nikirudi kwenye wakati: Desemba ndiyo yenyewe. Wachagga wote wanarudi nyumbani, mabasi yanajaa, kila boma lina pipa, kila pipa lina shangazi anayelilinda. Ukialikwa Desemba huhitaji mwongozo wangu, utakunywa mpaka uombe maji. Kwaresima pako kimya. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za juu ni tope, vaa buti. Na hata ukija kiangazi beba sweta. Mjini unatoka jasho, ukifika juu ukungu unakushukia saa kumi jioni na utajuta.

Ukifika nyumbani kwa mtu, usianze na kuagiza. Hii ni nyumba, mara nyingi ni ua wa nyumba, na wengine wanaokaa hapo ni majirani, si wateja. Salimia wote, anza na wazee. "Shimbonyi" inatosha kwa sehemu nyingi, ukimsalimia mwanaume ongeza "mbe," ukimsalimia mwanamke ongeza "mae," mzee wa kiume muite "meku." Jibu litakalokuja litakuwa refu na hutalielewa. Tabasamu, kaa unapoonyeshwa. Usikae kwenye kiti chenye mgongo kilichoachwa wazi, kina mwenyewe, hata kama hayupo.

Kisha mwenye pombe ataonja. Usimwone mlafi. Tangu zamani anayekupa kata huonja kwanza mbele yako ili ujue haina kitu kibaya. Shemeji yangu, na Cape Town yake, alipoona mama mkubwa anapiga funda kwenye kata aliyokuwa anaisubiri, alisogea kuniuliza kama kuna nyingine. Nikamkanyaga mguu. Aliyeonjewa ameheshimiwa.

Kata ni kile kibuyu kilichokatwa chenye mkono wa kushikia. Siku hizi nyumba nyingi zinatumia kopo au jagi la plastiki, na kusema kweli plastiki ni rahisi kuosha, ila mdomo wa kata una unene wake na povu linakaa vizuri. Ipokee kwa mikono miwili. Kabla ya kunywa, izungushe taratibu, kwa sababu ulezi unatuama chini, na ukinywa bila kuzungusha utapata maji mwanzoni na uji mwishoni. Usipulize povu likaruka kwa jirani. Kama kata ni ya kuzunguka, kunywa mafunda mawili matatu, mpe wa pembeni. Ukiikumbatia, hakuna atakayekuambia kitu, lakini watakusema ukiondoka.

Onja hivi. Funda la kwanza halikuambii kitu, ulimi unashangaa tu. La pili tafuta utamu wa ndizi, unakuja mbele. Halafu ukali kidogo wa uchachu pembeni mwa ulimi. Mwisho kabisa, ukishameza, msesewe anakuja nyuma ya koo, mchungu, anakausha, na ndiye anayekufanya utake funda jingine. Vitatu hivyo vikifuatana bila kimoja kumpiga mwenzake, umefika nyumba nzuri. Ukisikia utamu mtupu, bado ni changa, subiri saa mbili. Ukisikia siki inakuwahi kabla hata kata haijagusa mdomo, hiyo ni ya juzi. Mashapo ya ulezi usiyateme, ni chakula. Wazee wetu walikuwa wanashinda shambani na kata mbili tu.

Kuhusu nguvu yake, usidanganywe na utamu. Inashuka kama uji na unaendelea na hadithi zako, halafu unataka kusimama. Magoti ndiyo yanayopata habari kwanza. Kwa hiyo kula. Kama nyumba haina chakula, njoo umeshiba, au agiza kitimoto na ndizi za kukaanga kwa jirani, huwa hakosekani jirani. Ukibahatika siku ya kuchinja mbuzi utapewa kisusio, supu yenye damu. Wengine mtakataa, sawa, kataeni kwa adabu. Gari liache mjini. Na usipande bodaboda usiku kushuka ule mteremko na dereva uliyekuwa unakunywa naye. Panga usafiri wa kurudi mapema, ukiwa bado una akili ya kupatana bei.

Fedha: beba sarafu za mia tano na noti za elfu moja, elfu mbili. Ukitoa noti ya elfu kumi asubuhi kwa kata moja, umeifunga biashara ya watu. Mtoto atatumwa kutafuta chenji nyumba nne. Kununulia benchi zima ni jambo jema na halitakufilisi, ila mwambie mwenye nyumba kimya kimya, usipige kelele. Picha omba kwanza. Wazee wengi hukubali, wanaokataa wana sababu zao, na mara nyingi sababu ni kwamba nyumbani wameaga wanakwenda shambani.

Akitokea mtu wa kukunong'oneza kwamba kuna kitu kikali zaidi nyuma ya nyumba, hiyo ni gongo. Ni haramu kisheria, na mimi siigusi. Ndizi za mbege zinatosha.

Kwa wale ambao hawawezi kupanda mlima kabisa, Arusha wanatengeneza pombe ya ndizi ya kwenye chupa, Raha, na utaikuta madukani. Si mbege. Haina ulezi wa kutafuna wala msesewe wa kukukumbuka. Lakini inakaa kwenye kabati, jambo ambalo mbege haijui.

Na hapo ndipo kwenye kosa langu, ambalo nalitoa bure. Mwaka wa kwanza shemeji aliipenda sana, akataka kuwapelekea wenzake ofisini Dar. Nikamjazia dumu la lita kumi mpaka shingoni, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote ili lisivuje, nikaliweka juu, sehemu ya mabegi, kwenye basi la saa kumi na mbili. Mimi, binti wa mpika mbege. Basi lilipofika Same, kwenye lile joto, kifuniko kiliruka kwa mlio uliowafanya abiria wadhani tairi limepasuka. Mbege ikashuka kwa mama mmoja aliyekuwa amevaa nguo za kwenda harusini, kwa mtoto mchanga, kwa konda. Shemeji anasema kuanzia Same hadi Korogwe hakuna aliyezungumza naye, na nzi walipanda Mombo.

Mbege inaendelea kuchachuka ikiwa njiani. Ukitaka kuibeba, omba iliyochanganywa usiku huo huo, jaza dumu nusu au theluthi mbili, kifuniko legeza kidogo, kiti chake kiwe sakafuni katikati ya miguu yako, na kila mkisimama lifungue lipumue. Kwenda Arusha inafika vizuri. Dar inafika, lakini imekua njiani. Inyweni usiku huo huo, msiiweke ya kesho.

Asubuhi yake tafuta mtori. Ndizi mchare zilizopondwa na nyama, wa moto, pilipili pembeni. Vibanda karibu na stendi huanza mapema na huisha mapema.

Dumu lirudishe. Mama mkubwa anakumbuka kila dumu lilipo, na mpaka leo anamdai shemeji mawili, moja likiwa lile lisilo na kifuniko.